Ushabiki wa kampuni za teknolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayozuka kila wanapokutana shabiki wa iPhone na shabiki wa Android, mtu wa prosesa za Intel na mtu wa za AMD, wa PlayStation na wa Xbox. Mengine nimeyajibu kwa kirefu na mengine kwa kifupi, kwa kuwa hayana uzito mmoja. Msimamo wangu nautoa mapema ili usiutafute: ushindani wa kampuni hizi una faida kubwa kwa mnunuzi, lakini ni kwa yule mnunuzi anayeweza kuhama. Mteja asiyeweza kuhama hashindaniwi na mtu.

Kuna ubaya gani kuipenda kampuni iliyonihudumia vizuri?

Hakuna ubaya wowote. Kama laptop yako ina mwaka wa saba sasa, umebadilisha betri mara moja tu, na masasisho bado yanaingia, una kila haki ya kurudi dukani na kuulizia jina lilelile. Huo ni uzoefu, na uzoefu ni ushahidi. Ninachokiogopa ni hatua inayofuata. Toleo jipya limekuwa baya kuliko la zamani, bei imepanda, na bado mtu analitetea mbele za watu kana kwamba ametukanwa yeye. Akifika hapo, kampuni haina tena sababu ya kujirekebisha kwa ajili yake, maana hata ikimkosea atabaki.

Kwa nini watu hukasirikiana kiasi hiki kwa ajili ya vitu ambavyo hawakuvitengeneza?

Kwa sababu binadamu huunda kambi kwa sababu ndogo mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel na wenzake waliwachukua wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, wakawaonyesha picha za wachoraji wawili, Paul Klee na Wassily Kandinsky. Kisha kila mvulana aliambiwa yuko kundi gani, eti kulingana na picha alizozipenda. Ukweli ni kwamba waligawanywa kiholela. Hawakujua nani yuko nao kundini na nani hayuko, na hakuna aliyejigawia mwenyewe chochote. Lakini walipopewa kazi ya kuwagawia wenzao fedha, waliwapendelea wa kundi lao.

Na hilo si kubwa kuliko hili: mara nyingi walikuwa radhi kundi lao lipate pungufu ya ambavyo lingeweza kupata, mradi tu pengo kati yao na wale wengine liwe kubwa. Ukiwahi kumwona mtu anafurahia kampuni fulani kuanguka, ilhali kuanguka kwake kutampandishia yeye bei, umewaona wavulana wa Bristol.

Kuna na sababu ya pili. Mwaka 1956 Jack Brehm, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaomba wanawake wavipime vifaa vya nyumbani kwa kuvipa alama, kisha wachague kimoja kati ya viwili wakichukue kama zawadi. Walipoombwa kuvipima tena, kile walichokichagua kilipanda alama na kile walichokiacha kilishuka, hasa pale ambapo mwanzoni vilikuwa vinakaribiana. Hakuna kifaa kilichobadilika katika dakika zile. Kilichobadilika ni haja ya mtu kujiridhisha kwamba hakukosea.

Sasa weka hayo mawili kwenye simu. Ni kitu ghali, wengi hununua moja tu na kukaa nayo miaka, kila mtu anaiona mkononi mwako, na simu mbili za bei moja siku hizi zinakaribiana mno. Mabishano yatakosaje kuwaka?

Je, kampuni zenyewe zinachukiana hivyo?

Nenda Boston, Agosti 1997. Ni maonyesho ya Macworld, na ukumbini wamejaa wapenzi wa Apple. Kampuni yao iko hoi, imepoteza fedha nyingi, na Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, ndiyo kwanza amerudi. Anatangaza kwamba Microsoft itanunua hisa za Apple zenye thamani ya dola milioni 150, hisa zisizo na haki ya kupiga kura, na itaendelea kutengeneza Office, programu zake za kazi za ofisini, kwa ajili ya Macintosh, kompyuta ya Apple, kwa miaka mitano. Kisha uso wa Bill Gates, mkuu wa Microsoft, unatokea kwenye skrini kubwa mno, Jobs akiwa amesimama chini yake kama mtoto. Watu wanazomea. Wanamzomea mtu ambaye fedha zake zinaisaidia kampuni wanayoipenda isizame. Baadaye Jobs anawaambia waachane na dhana kwamba ili Apple ishinde lazima Microsoft ishindwe.

Mashabiki walikuwa wameibeba vita ile kwa miaka kumi na zaidi, tangu Macintosh ya 1984 na kesi ya hakimiliki ambayo Apple iliifungulia Microsoft mwaka 1988. Wakubwa waliimaliza kwa mkataba.

Mfano wa karibuni zaidi ni Apple na Samsung. Aprili 2011 Apple iliishtaki Samsung kwa kuiga muundo na hataza za iPhone. Agosti 2012 baraza la mahakama huko California liliamua Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni moja, kesi ikazunguka mpaka kwenye Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, na mwaka 2018 wakapatana nje. Miaka yote hiyo Samsung iliendelea kuiuzia Apple vipuri. Skrini ya OLED ya iPhone X ya mwaka 2017 ilitengenezwa na Samsung. Kwa hiyo wakati mashabiki wa pande mbili wanatukanana kuhusu skrini ipi inang'aa zaidi, zote mbili zilikuwa zimetoka kwa mtengenezaji mmoja.

Google nayo, mmiliki wa Android, iliilipa Apple dola bilioni 20 mwaka 2022 peke yake ili iwe injini ya utafutaji inayotangulia kwenye kivinjari cha Safari. Siri hiyo ilifichuka kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imelihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria.

Sisemi kwamba ushindani wao ni maigizo. Wanapigania soko kwa meno na kucha. Ila wanapigana kwa hesabu, na hesabu ikibadilika wanakaa meza moja kesho yake asubuhi.

Ushindani wao unamsaidiaje mtu kama mimi?

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na sijui mahali ilipoonekana wazi kuliko kwenye prosesa, zile chipu zinazofanya hesabu zote za kompyuta.

Intel ilianzishwa 1968, AMD mwaka 1969. AMD iliingia kwenye x86, familia ya chipu iliyobuniwa na Intel, kwa sababu IBM, ilipotengeneza kompyuta yake binafsi, haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja wa chipu. Mwaka 1982 Intel ikaipa AMD leseni. Tazama busara ya IBM hapo: mnunuzi mkubwa alidai awe na mlango wa pili kabla hajaingia kwa mlango wa kwanza.

Miaka ikapita. AMD ikayumba, na Intel ikabaki karibu peke yake juu. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2017, prosesa ya Intel ya kompyuta ya mezani ya mtu wa kawaida haikuvuka viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Miaka kumi! Kila mwaka ilikuja prosesa mpya, jina jipya, na nguvu iliyoongezeka kidogo tu. Aliyetaka viini vinane alipelekwa kwenye daraja la wataalamu, ambako Core i7-6900K iliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000.

Machi 2017 AMD, chini ya mkuu wake Lisa Su, ikatoa prosesa za Ryzen. Ryzen 7 1800X ilikuwa na viini vinane kwa dola 499. Oktoba mwaka huohuo Intel ikaleta viini sita kwa watu wa kawaida, na mwaka uliofuata vinane. Yaani kile kilichoshindikana kwa miaka kumi kiliwezekana ndani ya miezi. Mhandisi wa Intel wa 2018 hakuwa na akili kuliko wa 2014. Tofauti ni kwamba mwaka 2018 wateja walikuwa na pa kwenda.

Upande wa pili wa habari hiyo ni vivinjari. Usiku wa kutolewa Internet Explorer 4, Oktoba 1997, watu wa Microsoft walikwenda kutupa herufi kubwa ya "e", nembo ya kivinjari chao, kwenye bustani ya ofisi za Netscape huko California. Wafanyakazi wa Netscape waliiangusha na kumsimamisha juu yake dinosaria wao, Mozilla. Nalipenda tukio hilo, lina uchangamfu wa watu wanaoijali kazi yao. Lakini Netscape ilishindwa. Internet Explorer 6 ikatoka mwaka 2001, ikatawala, na toleo la 7 halikuonekana hadi 2006. Kwa miaka mitano kivinjari kilichotumiwa na watu wengi kuliko vyote duniani kilikaa karibu palepale. Kilichoiamsha Microsoft ni Firefox, iliyotoka mwaka 2004 kutokana na mabaki ya Netscape yenyewe.

Basi nimshangilie aliye nyuma kila mara?

Mtakie mema, usimnunulie kwa huruma. Kilichoinua AMD ni prosesa nzuri. Waliozinunua zile mbovu zilizotangulia kwa mapenzi tu waliumia bure.

Mbona kampuni humcheka mwenzake, kisha inafanya yaleyale?

Kwa sababu kicheko ni cha msimu, nao mpango wa bidhaa ni wa miaka. Mwaka 2017 tangazo la Samsung liliwacheka watu wa iPhone kwa kukosa tundu la spika za masikioni. Agosti 2019 Galaxy Note10 ikaja bila tundu hilo. Oktoba 2020 Samsung ikawatania tena Apple kwa kuuza simu bila chaja kwenye boksi. Miezi mitatu baadaye, Januari 2021, Galaxy S21 ikauzwa bila chaja.

Kinachoniuma hapa ni shabiki, kuliko kampuni. Kwa miaka miwili alikuwa akiwaambia watu kwamba simu bila tundu ni wizi, na alikuwa na hoja ya maana. Siku upande wake ulipofanya vilevile, wengi walinyamaza, au walianza kusema tundu lilikuwa linachukua nafasi ya betri. Laiti wangeendelea kulalamika kwa sauti ileile, pengine tundu hilo lingekuwapo kwenye simu nyingi zaidi leo.

Nikishakuwa na simu, saa, laptop na spika za masikioni kutoka kampuni moja, nimefungwa?

Umefungwa kwa kiasi, na ni vizuri ujue kamba zenyewe ziko wapi.

Kamba ya kwanza ni raha. Unafungua kijaluba cha spika za masikioni na simu inazitambua papo hapo. Unanakili maneno kwenye simu na kuyabandika kwenye laptop. Hiyo ni kazi nzuri ya uhandisi na inastahili sifa. Ukihama unaipoteza, na hilo ni gharama halali.

Kamba ya pili imefungwa makusudi. Epic Games, kampuni ya gemu, ilipoishtaki Apple, barua pepe za ndani zilitolewa hadharani mwaka 2021. Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, aliandika kwamba kuipeleka iMessage, programu ya ujumbe ya Apple, kwenye Android kungeondoa tu kikwazo kinachozizuia familia zenye iPhone kuwapa watoto wao simu za Android. Hakusema kwamba kazi hiyo haiwezekani, wala kwamba ingewadhuru watumiaji. Hoja ilikuwa kikwazo, na faida ya kukiacha kilipo. Soma barua hiyo kila unapoambiwa kwamba kutoingiliana kwa programu ni suala la ubora tu.

Kamba ya tatu ni vitu ulivyokwisha nunua. Wapiga picha wanaijua vizuri. Mwaka 1987 Canon ilibadilisha kishikio cha lenzi, ikaleta EF, na lenzi za zamani za FD hazikuingia kwenye kamera mpya. Nikon ilibaki na kishikio chake cha F cha mwaka 1959. Watu walichukia, wengine walihama, lakini kishikio kipya kilikuwa cha kielektroniki kikamilifu na kilifaa kwa lenzi zinazojilenga zenyewe, na baada ya miaka michache Canon ndiyo iliyokuwa inaonekana kwenye viwanja vya michezo. Mwenye lenzi kumi huwa hahami kwa sababu kamera ya jirani imeshinda mwaka huu. Hahami kwa sababu kabati lake limejaa, na hapo neno uaminifu halina kazi.

Kwa laptop na simu, kabati hilo ni programu ulizonunua dukani mwao, picha za miaka, na nywila ulizowaachia wakutunzie.

Je, sheria zimelegeza kamba hizo?

Ndiyo, na ningependa mashabiki wazione kama ushindi wao. Umoja wa Ulaya uliamua kwamba simu zinazouzwa humo kuanzia Desemba 28, 2024 ziwe na tundu la USB-C. Apple ilikuwa na tundu lake la Lightning tangu 2012. Ikalibadilisha kwenye iPhone 15, Septemba 2023. Leo waya mmoja unachaji simu za pande zote mbili. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja huo, iliyopitishwa mwaka 2022, inazibana kampuni kubwa zaidi, pamoja na kuzilazimisha kumruhusu mtumiaji wa Ulaya achague kivinjari na duka la programu.

Hata ujumbe umelegea kidogo. Septemba 2024, kwenye iOS 18, mfumo endeshi wa iPhone, Apple ilikubali RCS, mfumo wa ujumbe unaotumika kwenye Android, kwa hiyo picha na video kati ya iPhone na Android hazisagiki tena kama zamani. Kiputo cha ujumbe unaotoka Android bado ni cha kijani kwenye iPhone, badala ya buluu.

Mwanangu anataka iPhone kwa sababu wenzake wanamtenga. Nimnunulie?

Usianze kwa kumwambia ni upuuzi. Kutengwa kwenye kundi la ujumbe ni maumivu ya kweli kwa mtoto, na kama tulivyoona, kuna watu wazima waliohesabu faida ya kikwazo hicho. Muulize wenzake wanazungumzia wapi hasa. Mara nyingi utakuta kundi lenyewe liko kwenye programu inayofanya kazi kwenye simu zote, na kinachotakiwa ni jina la simu. Mara nyingine kundi liko iMessage kweli, na mtoto anakosa habari za kazi za shule na mipango ya michezo. Hizo ni kesi mbili tofauti. Ya kwanza inahitaji mazungumzo. Ya pili inaweza kuhitaji simu, na iliyotumika inatosha kabisa mradi bado inapokea masasisho ya usalama.

Nitajuaje kama nina uaminifu wenye sababu au mazoea tu?

Badilisha jina la mkosaji. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone za zamani zenye betri zilizochoka, ili zisizime ghafla, bila ya kuwaambia wenye simu waziwazi. Baadaye ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi nchini Marekani. Kuna hoja ya kiufundi ya kuitetea: simu inayozima njiani ni mbaya kuliko simu ya polepole. Hoja ya kuipinga ni kwamba watu walinunua simu mpya pale ambapo betri mpya ingetosha. Sasa jiulize ungetumia hoja ipi kama aliyefanya hivyo angekuwa Samsung. Kama jibu lako linageuka pamoja na jina, hapo hujapima jambo lenyewe.

Kipimo cha pili: taja vitu vitatu ambavyo mshindani wa kampuni yako anavifanya vizuri zaidi. Mtu anayekijua chombo chake huvitaja haraka, maana amewahi kuvitamani.

Nimwamini nani kwenye ulinganisho?

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ulinganisho wa kampuni yenyewe usome kama tangazo hata ukiwa na michoro na namba. Angalia wamejilinganisha na kifaa cha mwaka gani, na mhimili wa mchoro unaanzia namba ipi.

Namba za majaribio nazo huchezewa. Mwaka 2013 iligundulika kwamba Galaxy S4 ya Samsung inaongeza kasi pale inapotambua programu fulani za majaribio, kasi ambayo programu za kawaida hazikuipata. Mwaka 2018 kampuni ya UL, wenye jaribio la 3DMark la kupima nguvu ya simu, waliziondoa simu kadhaa za Huawei kwenye orodha yao kwa sababu ya aina hiyohiyo. Anayependa kampuni yake kweli angepaswa kuwa wa kwanza kukasirika, kwa kuwa yeye ndiye aliyedanganywa na namba hizo.

Ninayemwamini ni mtu aliyetumia kifaa kwa miezi, aliyekinunua kwa fedha zake au aliyesema wazi alikipataje, na anayeniambia kilipomchosha. Nikikosa huyo, namtafuta fundi. Fundi wa simu hana muda wa ushabiki. Anajua skrini zipi zinavunjika, vipuri gani havipatikani, na betri za toleo gani zinavimba.

Kwenye programu huria hakuna ushabiki huu, si ndiyo?

Upo, na mkali. Wapenzi wa vi na wapenzi wa Emacs, vihariri maandishi viwili vilivyozaliwa mwaka 1976, bado wanabishana, na hakuna kampuni inayopata senti hapo. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: faili uliyoiandika kwa kimoja inafunguka kwenye kingine bila kuomba ruhusa. Unaweza kubishana mchana na kuhama usiku.

Na uadui wa nje nao huisha. Mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, aliilinganisha Linux, mfumo endeshi huria, na saratani. Mwaka 2016 Microsoft ilijiunga na Linux Foundation, na ndani ya Windows 10 ikaweka njia ya kuendesha programu za Linux.

Kampuni niliyoipenda ikifa, nifanyeje?

Mashabiki wa Sega, kampuni iliyotengeneza konsoli za gemu, wanalijua swali hili. Walimtetea Sonic, mhusika wa gemu zake, dhidi ya Mario wa Nintendo tangu 1991, na mwaka 2001 Sega ikaacha kutengeneza konsoli. Mwaka huohuo Sonic alikuwa anauzwa kwenye konsoli ya Nintendo, na mwaka 2007 akashindana na Mario ndani ya gemu moja ya Olimpiki. Waliompenda Sonic hawakumpoteza. Waliopenda kumchukia Mario ndio waliobaki bila kazi.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi ni ya Pebble. Mwaka 2012 watu wa kawaida walichanga zaidi ya dola milioni 10 kwenye Kickstarter ili saa janja hiyo itengenezwe. Skrini yake ilisomeka juani, chaji ilidumu siku kadhaa, ilikuwa na vitufe vya kubonyeza hata ukiwa na glavu. Desemba 2016 kampuni ilifungwa, na Fitbit ikanunua programu zake. Huduma za mtandaoni zilikuwa zizimwe katikati ya 2018, na saa zingepoteza hali ya hewa, duka la programu na mengine mengi. Watumiaji hawakukubali. Waliunda kundi la Rebble, wakajenga seva zao, na saa zikaendelea kufanya kazi. Baadaye Google iliinunua Fitbit, na Januari 2025 ikatoa hadharani msimbo wa mfumo endeshi wa Pebble.

Huo ndio uaminifu ninaouheshimu kwa moyo wote. Watu walikipenda kitu chenyewe, wakajifunza kilivyofanya kazi, wakakitunza wakati aliyekiuza ameshaondoka.

Hebu sema tu: ipi bora?

Ile inayofanya kazi yako, itakayopata masasisho ya usalama kwa muda unaotaka kukaa nayo, na inayotengenezeka karibu na ulipo. Google kuanzia Pixel 8 na Samsung kuanzia Galaxy S24 wameahidi miaka saba ya masasisho kwa simu hizo. Ahadi ya namna hiyo ina uzito kuliko kamera ya nne.

Nimeamua kuhama. Nianze wapi?

Anza wiki mbili kabla, simu ya zamani ikiwa bado mkononi.

Nywila kwanza. Zitoe kwenye hifadhi ya kampuni na kuziweka kwenye programu ya nywila inayofanya kazi pande zote, kisha jaribu kuingia kwenye akaunti mbili tatu ukitumia kifaa kingine. Halafu programu inayokupa namba za uthibitisho: wengi huisahau, na ndiyo inayowafungia watu nje ya benki na barua pepe zao. Hamisha akaunti moja moja na uhakikishe namba mpya inakubaliwa kabla hujafuta ya zamani.

Picha ziombe kwa njia rasmi. Google ina Takeout, huduma ya kupakua data zako, tangu 2011, na Apple nayo ina ukurasa wa kuomba nakala ya data zako au kuzihamishia Google Photos. Kwa mtu mwenye picha za miaka kumi huchukua siku, kwa hiyo usisubiri dakika ya mwisho.

WhatsApp inahitaji uangalifu wake. Nakala ya Android hukaa Google Drive na ya iPhone hukaa iCloud, na moja haisomeki upande wa pili. Kuhamisha mazungumzo kati ya mifumo hiyo kumewezekana tangu 2021 na 2022, lakini fanya hivyo wakati unaiwasha simu mpya kwa mara ya kwanza, kabla hujaanza kuitumia. Ukichelewa unaweza kulazimika kuifuta yote na kuanza upya.

Ukitoka iPhone, zima iMessage kwenye mipangilio kabla ya kuchomoa laini. Usipofanya hivyo, ujumbe kutoka kwa watu wenye iPhone unaweza kuendelea kutumwa kwenye akaunti yako ya zamani na usiuone. Tatizo hili lilisumbua watu wengi kiasi kwamba Novemba 2014 Apple iliweka ukurasa maalumu wa kuiondoa namba hata kama simu huna tena.

Kaa na simu zote mbili kama mwezi hivi. Kuna programu utakayoikumbuka wiki ya tatu, siku ya kulipia kitu. Ukishatulia na kabla ya kuiuza simu ya zamani au kumpa mdogo wako, ondoa akaunti yako kwanza, iwe ya Apple au ya Google, ndipo uifute. Ukiifuta bila kuondoa akaunti, ulinzi dhidi ya wizi unaweza kubaki umeifunga, na aliyeipokea ataombwa nywila yako anapojaribu kuiandaa.